Gari la Namba za Marekani Ukihamia Mexico: Ukaazi wa Muda au wa Kudumu?

Maswali huja yaleyale, na karibu kila mara huja yakiwa yamechelewa. "Nimeshapata kadi ya kudumu, sasa gari langu la Texas nalifanyaje?" "Kadi yangu imebakiza wiki mbili, niibadilishe iwe ya kudumu nipumzike?" "Mke wangu anaweza kuliendesha nikiwa safarini?" Wengi wanaoniuliza ni ndugu zetu wa Kenya, Tanzania na Kongo walioishi Houston, Dallas au San Antonio miaka mingi, wakaona maisha ya Mexico yanawafaa zaidi, wakafungasha na kuvuka mpaka na gari walilolizoea. Naweka majibu yote hapa kwa mpangilio, ili anayejiandaa ayajue kabla hajasaini chochote.

Shika hili kwanza: gari linafuata kadi. Mexico humruhusu mgeni mwenye ukaazi wa muda (residente temporal) kukaa na gari lenye namba za nje bila kulilipia ushuru. Mwenye ukaazi wa kudumu (residente permanente) hana ruhusa hiyo. Siku hadhi yako inapobadilika, kibali cha gari kinakufa, hata kama karatasi yenyewe bado inaonyesha tarehe ya mbele. Forodha inamwona mkaazi wa muda kama mtu atakayeondoka na gari lake siku moja, kama gari la namba za Kenya linavyopewa kibali cha muda pale Namanga kabla ya kuingia Tanzania. Mkaazi wa kudumu amekwisha kuwa mwenyeji, na mwenyeji hulipa ushuru wa gari lake.

Kwa hiyo amua kuhusu gari kwanza, ndipo uende ubalozini kuomba ukaazi. Watu wengi huanza na ukaazi, na hapo ndipo shida inapozaliwa.

Ninachoandika hapa kinahusu gari dogo, SUV au pikapu ya binafsi isiyozidi tani 3.5. Nyumba za magurudumu zina kibali chao cha miaka 10, na hiyo ni habari nyingine. Ukihamia rasi ya Baja California au ukanda wa mpakani, gari huingia bila kibali cha muda, lakini siku utakapotaka kulipeleka ndani zaidi ya nchi utakihitaji.

Majina utakayoyasikia dirishani

INM ni uhamiaji, wanaotoa kadi ya ukaazi. Aduana ni forodha, wenye mamlaka juu ya gari. Banjercito ni benki ya jeshi, nayo ndiyo inayokaa mpakani kutoa kibali cha gari na kushika amana yako. Kibali chenyewe huitwa permiso de importación temporal. Ukisema "permiso" tu wanakuelewa. Canje ni kule kubadilisha viza iliyobandikwa kwenye pasi ili upewe kadi. Zingatia kwamba INM na Aduana ni ofisi mbili tofauti. Kadi yako ikiongezwa muda uhamiaji, usitegemee kwamba forodha wamejua. Ni kazi yako kuwaambia.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Pasi ambayo bado ina muda wa kutosha. Kama unasafiria pasi ya Kenya au Tanzania na una grini kadi ya Marekani, unaweza kuingia Mexico kutembea bila viza, lakini huko si kupata ukaazi. Viza ya ukaazi huombwa kwenye ubalozi wa Mexico ulio nje ya Mexico.
- Taito (hati ya umiliki) na usajili wa gari kwa jina lako. Angalia majina kwa makini. Sisi wa Afrika Mashariki tuna pasi za majina matatu, na taito za Texas mara nyingi zimeandikwa mawili, au la baba limetangulia. Rekebisha taito ukiwa bado Marekani, kwani mpakani hakuna wa kukurekebishia.
- Kama gari liko kwenye mkopo, barua ya benki inayoruhusu lipelekwe Mexico. Bila barua hiyo hupewi kibali.
- Cheti cha ndoa au cha kuzaliwa, ikiwa gari lina jina la mwenzi, mzazi au mtoto wako.
- Amana: dola 400 kwa gari la mwaka 2007 kuja mbele, dola 300 kwa la 2001 hadi 2006, dola 200 kwa la 2000 kurudi nyuma. Juu yake kuna ada ya kibali isiyorudishwa, dola 50 na kitu.
- Bima ya gari iliyokatwa Mexico. Bima yako ya Marekani haitambuliki huko ikitokea ajali.
- Nakala mbili za kila karatasi, pande zote mbili.

Jambo moja zaidi kwa wenye grini kadi, na naomba ulisome mara mbili. Ukikaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka 1 bila kibali cha kurudi, unaweza kuhesabiwa kuwa umeuacha ukaazi wako wa Marekani, na hata miezi 6 inatosha kuzua maswali uwanja wa ndege. Usipoteze kitu ulichokisotea miaka 10 kwa sababu ya nyumba nzuri huko Mérida. Aliyekwisha kuwa raia wa Marekani hana wasiwasi huu.

Hatua

1. Soma namba ya chesisi.

Iko kwenye dashibodi upande wa dereva, chini ya kioo, na kwenye mlango. Angalia herufi au tarakimu ya kwanza. Ikianza na 1, 4 au 5, gari limeundwa Marekani. Ikianza na 2 ni Canada, na 3 ni Mexico. J ni Japan, K ni Korea Kusini, W ni Ujerumani.

Kwa nini nianzie hapa? Kwa sababu siku utakapotaka kulilipia gari ushuru ulisajili kwa namba za Mexico, njia ya kawaida ni ya magari yaliyoundwa Amerika Kaskazini. Na usidanganywe na nembo. Toyota RAV4 mbili zinazofanana kama mapacha zinaweza kutofautiana hapo: yenye 2T3 imetoka Canada, yenye JTM imetoka Japan. Ya kwanza ina njia ya kubaki Mexico, ya pili ina njia ya kurudi tu. Prius nyingi huanza na JTD, yaani Japan. Andika matokeo yako kwenye karatasi, tutayarudia katika hatua ya 8.

2. Hesabu miaka unayotaka kukaa.

Ukaazi wa muda hutolewa kwanza kwa mwaka 1, kisha huongezwa, na jumla yake haizidi miaka 4. Baada ya hapo unachagua moja kati ya mambo matatu: uwe mkaazi wa kudumu, uondoke, au utoke nje ya nchi uanze upya na viza nyingine ya muda.

Kwa hiyo namba za nje zina uhai wa miaka 4 kwa mpigo mmoja. Kama mpango wako ni kukaa miaka 2 au 3 ukiangalia upepo, gari lako lakutosha kabisa. Kama umeamua kuzeekea huko, maoni yangu niliyowaambia watu wengi ana kwa ana ni haya: liuze Texas kabla hujavuka, ununue jingine Mexico, uombe ukaazi unaokufaa bila kamba shingoni. Najua gari ni zaidi ya chuma. Kuna aliyeniambia gari lake ndilo lililomlea mtoto wake wa kwanza. Lakini piga hesabu ya safari za mpakani, bima, usajili wa Marekani unaolipiwa kila mwaka na vipuri, halafu ulinganishe na bei ya gari lenyewe. Gari la dola 5,000 halistahili kukuamulia maisha.

3. Chagua ukaazi.

Chagua wa muda kama gari lako ni la maana kwako, kama hujajua utakaa muda gani, au kama kipato chako hakifiki kiwango cha ukaazi wa kudumu. Viwango hupangwa upya kila mwaka na hutofautiana kati ya ubalozi mmoja na mwingine. Kwa ukaazi wa muda, jiandae kuonyesha zaidi ya dola 4,000 kwa mwezi kwa miezi 6 iliyopita. Kwa wa kudumu kiwango hukaribia au kupita dola 7,000, na balozi nyingi hutaka kiwe ni pensheni. Ubaya wa ukaazi wa muda ni kuongeza kadi, na ada zake. Mwaka 2026 ada za INM zilipanda karibu mara mbili: kadi ya mwaka 1 iliyokuwa takribani peso 5,570 imefika zaidi ya peso 11,000. Pia huruhusiwi kufanya kazi ya mshahara wa Mexico bila kuomba ruhusa.

Chagua wa kudumu kama huna gari la nje au uko tayari kuachana nalo, na unataka kadi isiyoisha muda kwa mtu mzima, yenye haki ya kufanya kazi. Ni raha kubwa. Hakuna foleni ya kila mwaka, hakuna taarifa za benki.

Wapo wanaoharakia kadi ya kudumu wakidhani ndiyo njia pekee ya uraia. Si kweli. Uraia kwa kawaida huombwa baada ya miaka 5 ya ukaazi halali, na miaka ya ukaazi wa muda inahesabiwa. Ukibaki wa muda miaka 4 na gari lako, hujapoteza hata siku moja.

Kwa wanandoa kuna njia ya katikati: mmoja achukue wa kudumu, mwingine abaki wa muda na kibali cha gari kiwe kwa jina lake. Inafanya kazi, ila mwenye ukaazi wa kudumu ataendesha pale tu mwenye kibali amekaa ndani ya gari. Kama yule wa muda ndiye anayesafiri sana, gari litalala uani.

4. Omba viza ubalozini.

Peleka taarifa za benki, pasi, picha na fomu, na uwe wazi kwamba unaomba temporal. Nasisitiza kwa sababu afisa akiona pensheni yako inatosha, anaweza kukushauri uchukue permanente moja kwa moja kama zawadi, kwa nia njema kabisa. Yeye haoni gari lako. Mshukuru, umwambie una gari la namba za Marekani, ubaki na ombi lako.

Viza ikitoka ina siku 180 na ni ya kuingia mara moja. Ukishaingia una siku 30 za kuanza canje INM.

5. Vuka na gari.

Kibali unaweza kukiomba mapema kwenye tovuti ya Banjercito au kukichukua dirishani mpakani. Pale Laredo wengi wetu hupitia daraja la Juárez-Lincoln au daraja la Colombia lililo nje ya mji. Mimi napenda la Colombia, foleni ni fupi na huingii katikati ya Nuevo Laredo, mji wa upande wa Mexico. Anza na dirisha la uhamiaji, pasi igongwe muhuri. Kisha nenda la Banjercito. Ukifika la gari kwanza watakurudisha.

Amana ukiilipa kwa kadi ya benki, hurudi kwenye kadi hiyohiyo. Hivyo usitumie kadi inayokaribia kuisha. Ukilipa dola taslimu, hurudishiwa taslimu siku ya kutoka.

Kabla hujaondoka dirishani, simama usome kibali herufi kwa herufi: jina, namba ya chesisi, namba za gari, tarehe ya mwisho. Kosa moja kwenye chesisi linafanya kibali kiwe cha gari jingine. Kwenye kizuizi cha kilomita 26 kusini mwa Nuevo Laredo watataka kukiona, na pale si mahali pa kugundua kwamba 8 imeandikwa B.

Tahadhari kubwa: kwa kuwa bado huna kadi, una viza tu, kibali chako cha gari hutolewa kwa siku 30. Mimi sikulijua hili. Nilikitia kwenye droo nikiamini ni cha mwaka mzima, nikakitoa siku ya 26 nikitafuta karatasi nyingine kabisa. Nilikimbia forodha asubuhi yake. Andika tarehe hiyo kwenye simu, iweke na kengele.

6. Chukua kadi, kisha uwaambie forodha.

Wiki ileile uliyofika, nenda INM uanze canje. Ombi likiwa linashughulikiwa usitoke nje ya nchi bila ruhusa maalumu ya kutoka na kurudi, la sivyo unaanza upya.

Kadi ikitoka, andika barua kwa Kihispania kwa mkuu wa forodha ya eneo lako ukieleza kwamba umepata ukaazi wa muda na unaomba kibali cha gari kiendane na tarehe ya kadi. Ambatisha nakala za kibali, kadi pande zote mbili, pasi na usajili wa gari. Huitwa aviso. Hakikisha unabaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa, uiweke garini pamoja na kibali. Trafiki akikusimamisha akaona kibali cha siku 30 kilichopita, nakala hiyo ndiyo ulinzi wako.

Kama siku 30 zinakaribia na kadi bado, peleka barua mapema ikiwa na nakala ya karatasi ya INM yenye namba ya ombi lako. Usingoje siku ya 31.

7. Kila ukiongeza kadi, rudi forodha.

INM hupokea ombi la kuongeza katika siku 30 za mwisho kabla kadi haijaisha. Ukipata kadi mpya, peleka aviso nyingine kwa namna ileile. Jipe siku 15, usizidishe. Usipofanya hivyo, kwenye mitambo ya Banjercito kibali kinaonekana kimekwisha na amana inakwenda serikalini. Ukiongeza miaka 3 kwa pamoja mwishoni mwa mwaka wa kwanza, utafanya safari hii mara moja tu, na ndivyo ninavyomshauri kila mtu anayeimudu ada.

8. Kabla ya kugusa ukaazi wa kudumu, toa gari.

Hatua hii ndiyo iliyonifanya niandike. Miaka 4 inakwisha, INM wanakubadilishia kuwa wa kudumu bila hata kuuliza kipato, unapiga picha na kadi unaituma kwenye kundi la familia, kila mtu anaandika hongera. Na nje ya geti gari limekuwa haramu. Hakuna anayekuambia, kwa sababu INM hawashughuliki na magari.

Anza miezi 4 kabla kadi haijaisha. Una njia hizi.

Ya kwanza, kulirudisha. Unaendesha hadi mpakani, unasimama kwenye dirisha la Banjercito kabla ya daraja, unafunga kibali, unarudishiwa amana. Ukiuza gari Texas, unarudi kwa basi, kisha ndipo unapeleka ombi la kudumu. Ni njia safi kuliko zote, nayo ndiyo ninayoipenda.

Ya pili, kulilipia ushuru lipate namba za Mexico. Inapitia kwa wakala wa forodha mpakani, na hapa ndipo karatasi yako ya hatua ya 1 inapotumika. Wakala ataangalia chesisi na mwaka wa gari, maana umri nao una masharti. Omba akuandikie jumla yote: ushuru, VAT ambayo kwa kawaida ni asilimia 16, ada yake, na gharama ya namba mpya katika jimbo lako. Ukiona jumla imekaribia nusu ya bei ya gari, rudi kwenye njia ya kwanza. Kibali cha muda lazima kifungwe katika mchakato huohuo. Mwombe wakala karatasi ya kuthibitisha.

Ya tatu, kubaki wa muda kwa kuanza upya: kutoka na gari kadi ikiisha, kufunga kibali, kuomba viza mpya ya temporal ubalozini, kurudi na kibali kipya. Utaonyesha kipato tena kwa viwango vya mwaka huo, ambavyo vimekuwa vikipanda. Na saa yako ya uraia inaanza kuhesabu upya. Ifanye tu kama una sababu nzito.

Makosa yanayojirudia

Kudhani gari linaingia pamoja na vyombo vya nyumbani. Msamaha wa mizigo ya mhamiaji, menaje de casa, unahusu vitanda, friji na masufuria. Gari halimo.

Kuvuka kwenda Marekani bila kufunga kibali. "Nitafunga nikirudi," halafu gari linauzwa. Kibali kinabaki wazi kwa jina lako, na kwa kuwa kila mtu ana haki ya gari moja tu, huwezi kuingiza jingine.

Kumwachia mtu usukani kiholela. Ukiwa ndani ya gari, mwingine anaweza kuendesha. Usipokuwamo, anayeruhusiwa ni mwenzi, mzazi, mtoto au ndugu yako wa damu ambaye makazi yake ya kudumu yako nje ya Mexico, au mgeni mwenye hadhi ya muda kama wewe. Jirani Mmexico aliyekuja kukusaidia kulipeleka gereji peke yake yumo hatarini, na gari linaweza kushikiliwa.

Kuuza gari ndani ya Mexico kwa mkono. Ni marufuku. Mnunuzi anapata gari ambalo hawezi kulisajili, nawe unabaki na kibali.

Kutegemea msamaha wa "magari ya chokoleti", ndivyo Wamexico wanavyoyaita magari yaliyoingizwa bila kulipiwa. Amri ya Januari 2022 iliyoruhusu kuyasajili kwa peso 2,500 imeongezwa muda mara kadhaa, na kila ikiongezwa naulizwa. Iliwekwa kwa magari yaliyokuwa tayari ndani ya nchi kufikia tarehe 19 Oktoba 2021. Lako la mwaka jana halimo.

Kusahau Mexico City. Magari ya namba za nje hayaruhusiwi kutembea mjini humo Jumatatu hadi Ijumaa kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 asubuhi, na kuna siku nyingine za katazo juu yake. Kuna pasi ya watalii inayoombwa mapema kwenye mtandao. La sivyo zunguka mji.

Ikikwama

*Kibali kimekwisha na gari liko ndani ya nchi, au umeshapata kadi ya kudumu.* Acha kuliendesha leo. Ukikamatwa forodha wanaweza kulichukua, na ukigonga mtu kampuni ya bima inaweza kukataa kulipa kwa kuwa gari halikuwa halali. Omba barua ya retorno seguro, inayokuruhusu kulipeleka gari hadi mpakani kwa siku chache zilizoandikwa humo na kwa njia uliyoitaja. Usianze safari bila barua mkononi, na usipite kando ya njia hiyo kwenda kumuaga rafiki.

*Gari limeibwa au limeharibika kabisa kwa ajali.* Ripoti kwa mamlaka ya mashtaka ya jimbo upate hati, kisha uipeleke forodha pamoja na kibali. Usiishie kwenye bima tu. Kampuni ikikulipa na kulichukua gari, kibali bado kiko kwa jina lako hadi forodha wakifunge.

*Ulitoka bila kufunga kibali, gari bado unalo.* Rahisi: lirudishe mpakani kwenye dirisha la Banjercito, walione, wasome chesisi, wafunge. Amana ya kibali kilichokwisha hutaipata, lakini jina lako litakuwa safi.

*Ulitoka bila kukifunga na umeshauza.* Kazi ni kuthibitisha kwa forodha kwamba gari liko nje. Tafuta karatasi ya mauzo na umwombe aliyenunua nakala ya usajili wake mpya. Ndiyo sababu ya kutomuuzia mtu usiyeweza kumpigia simu.

*Amana haijarudi kwenye kadi.* Angalia kwanza kama kadi ya benki uliyolipia bado ipo. Kisha angalia risiti ya kufunga kibali, ile ndogo unayopewa dirishani siku ya kutoka. Watu huitupa kwenye pipa la kwanza baada ya daraja. Ipige picha ukiwa bado umesimama pale, kabla hujawasha gari.